Ndege ya sentimita 60 na jiwe la Shinkolobwe

Wandugu, wengi wenu munajua kwamba siku za mapumziko nachonga ndege za mbao. Si za kuchezea. Ni maketi, ndege za vita vya pili vya dunia zenye kupunguzwa kwa kipimo, na sana sana zile zenye zilibeba mabomu. Kuko wenye wananiuliza kama mutu aliyemaliza inivesite hana kazi ingine ya kufanya. Leo najibu, lakini kwa historia, juu hii mambo ya ndege ndogo inagusa Katanga yetu kupita vile mutu anafikiri.

Tuanze na mwaka 1942. Marekani ilikuwa imeingia vitani mwezi wa Desemba 1941, kisha Wajapani kushambulia Pearl Harbor. Shida moja ikatokea mara moja, shida yenye mutu hawezi kuifikiria wakati anaangalia filme: askari mwenye anakaa nyuma ya bunduki ya kupiga ndege hajui ndege yenye inakuja ni ya nani. Iko mbali, iko juu, inakimbia, jua linamupiga machoni. Rangi hazionekani, alama hazionekani. Anaona umbo tu, kitu cheusi mbinguni. Na ana sekunde chache za kuamua kama atapiga ao ataacha. Akipiga vibaya, anaua ndugu yake. Akiacha vibaya, bomu linamuangukia.

Picha ya kitabu haikutosha, juu picha inaonyesha ndege ya upande mumoja tu. Ndege yenye inageuka inabadilisha umbo kila wakati: ya mbele ni mustari mwembamba, ya chini ni musalaba, ya upande ni kama samaki. Ili jicho lizoee, ilipaswa kuwa na kitu cha kushika na kuzungusha.

Basi mwanzoni mwa 1942 jeshi la majini la Marekani likaomba shule za nchi nzima zitengeneze maketi 500,000. Nusu milioni! Aina 50 za ndege, za marafiki na za maadui, na kwa kila aina maketi 10,000. Watoto wa sekondari, mu madarasa yao ya useremala, walipokea michoro, wakakata mbao laini, wakachonga kwa kisu na kulainisha kwa musasa. Kila hatua walipima kwa kipande cha kartoni chenye kukatwa sawasawa na umbo la ndege: unaweka kartoni juu ya mbao, unaangalia kama mwanga unapita katikati. Ukiona mwanga, kazi haijaisha. Wale wenye walifanya vizuri walipewa cheti chenye cheo, sawa vile askari.

Mwishoni zote zilipakwa rangi nyeusi. Nani angependa ndege nyeusi tu, bila nyota, bila alama? Lakini njo ilikuwa akili yenyewe. Mbinguni ndege inaonekana kama kivuli, basi askari ajifunze kivuli.

Kipimo kilikuwa 1/72. Watu wananiuliza kila mara: juu ya nini 72, na si 50 ao 100, hesabu za kawaida? Jibu liko mu vipimo vya Waingereza na Wamarekani, wenye wanahesabu kwa futi na inchi. Futi 6 ni inchi 72. Basi kwa kipimo cha 1/72, inchi moja ya maketi ni futi 6 za ndege ya kweli, na mutu murefu wa futi 6 anakuwa na inchi moja, sentimita mbili na nusu. Hesabu nyepesi kwa mutoto wa shule. Na kuko faida ya pili. Ukitundika maketi ya 1/72 kwa umbali wa mita 10, jicho linaiona sawa vile ndege ya kweli yenye iko mbali mita 720. Darasa moja linageuka uwanja wa vita. Mwalimu anaizungusha kwenye uzi, askari wanajibu: yetu, ya adui, yetu.

Waingereza njo walianza kutumia kipimo hiki mbele ya vita, miaka ya 1930, kwa ndege za mbao zenye ziliuzwa mu sanduku kwa jina la Skybirds. Mwaka 1936 kampuni ya Frog ikatoa zile za plastiki, kwa kipimo kilekile. Kwa hiyo jeshi halikuvumbua kitu. Lilikamata mupira wa watoto na kuutia vitani.

Maketi zilisaidia? Nafikiri ndiyo, lakini kuko usiku mumoja wenye unatuonyesha mupaka wake. Tarehe 11 Julai 1943, Sicilia, kule Italia. Ndege 144 za Marekani za aina C-47 zilikuwa zinaleta askari wa kushuka na parashiti. Muda mufupi mbele yake ndege za Wajerumani zilikuwa zimetupa mabomu mahali palepale. Wapiga bunduki wa Marekani, wa kwenye meli na wa inchi kavu, walikuwa na woga na hasira. Mumoja akapiga, wote wakafuata. Ndege 23 zilianguka, zikiangushwa na ndugu zao. Hapo umbo jeusi halikusaidia kitu, juu mbingu yote ilikuwa nyeusi. Ndiyo maana mwaka 1944, kwa shambulio la Normandie, hawakutegemea macho peke yake: walipaka kwenye mabawa na mwili wa ndege zao mistari minene, nyeusi na nyeupe, yenye hata mutu mwenye hana masomo angeitambua. Wenye kutengeneza maketi leo wanapenda sana ile mistari, inapendeza kwenye kabati. Wachache wanakumbuka kwamba inatokana na wafu wa Sicilia.

Sasa niseme kidogo juu ya Mosquito, ndege yenye napenda kupita zote. Hii ilikuwa maketi kubwa yenye iliruka! Kampuni ya de Havilland, Uingereza, iliirusha mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940. Wakati wengine wengi walitumia aluminiumu, wao walitumia mbao. Mwili wake ulikuwa tabaka tatu: juu na chini triplex, katikati balsa, muti mwepesi wa Ekwado, vyote vikashikwa na kole. Walitengeneza mwili kwa vipande viwili, wa kushoto na wa kuume, wakafunga nyaya na mabomba ndani wakati bado wazi, kisha wakaviunganisha. Mutu yeyote mwenye amewahi kufungua sanduku la maketi anajua ile kazi: nusu ya kushoto, nusu ya kuume, kole, ngoja ikauke. Maseremala wa viti na makabati walipewa kazi ya kutengeneza sehemu zake, na hizi ndege za mbao, zenye motere mbili na watu wawili tu, zilikimbia kupita ndege nyingi za chuma. Zilitengenezwa kupita 7,700. Nikichonga Mosquito sina haya ya kusema natumia mbao: ndege yenyewe ilikuwa mbao.

Kisha vita, nusu milioni ya maketi nyeusi hazikuwa tena na kazi. Plastiki ikachukua nafasi. Miaka ya 1950 Airfix ya Uingereza ikatoa Spitfire yake ya 1/72, na tangu hapo watoto wa Ulaya na Amerika wakakua na ndege za vita mu vyumba vyao, zikitundikwa kwa uzi kwenye plafo. Kuchonga kwa mukono kukabakia kwa wazee, kwa askari wa zamani na kwa watu wenye kichwa kigumu kama mimi. Lakini kitu kimoja kilibadilika chenye watu hawasemi. Maketi ya 1942 ilikuwa inauliza swali moja: hii ndege ni ya nani, na inakuja kufanya nini? Maketi ya kabati haiulizi tena. Inasema tu: angalia vile niko muzuri.

Njo tunafika kwa B-29, na hapa nitakaa.

B-29 Superfortress, ya kampuni ya Boeing, iliruka mara ya kwanza mwezi wa Septemba 1942. Motere nne, mabawa ya mita 43 kutoka ncha mupaka ncha, mwili wa mita 30. Kwa kipimo cha 1/72 unapata kitu cha sentimita 60 kwa 42, na kwa muchongaji ni mateso. Mabawa yake ni marefu na membamba, kwa hiyo nyuzi za mbao zinapashwa kufuata urefu wa bawa. Ukikosea, linakatika pale linaposhikana na mwili. Mulombwa wetu ni muzuri kwa macho lakini ni muzito, na maketi ya B-29 ya mulombwa inainamisha kibao chake. Pua yake ni ya vioo vitupu, mviringo kama yai. Mutu anaweza kumaliza siku nzima kwa pua peke yake.

Ukitaka kuchonga B-29 ya kawaida, unapashwa kutia vibanda vya bunduki, juu na chini ya mwili. Lakini ukitaka kuchonga Enola Gay, ile yenye ilikwenda Hiroshima, hauvitie. Ndege za ile kazi zilitolewa vile vibanda ili zipunguze uzito, zikabaki na bunduki za mukia tu. Mahali pa kubebea bomu pia palibadilishwa. Kwa hiyo Enola Gay ni laini kupita dada zake, mwili wake hauna vidonda. Kwa muchongaji ni kazi nyepesi zaidi. Ile wepesi inanisumbua kila mara mukono wangu unapopita pale na musasa, juu najua sababu yake: walitoa bunduki ili wabebe kitu kingine.

Kile kitu kilikuwa na urefu wa mita 3 na uzito wa kilo kama 4,400. Kwa 1/72 ni sentimita 4 tu, unene wa sentimita moja. Kipande cha chaki chenye mwalimu anatupa mwisho wa somo. Ndani yake mulikuwa na uraniumu kilo kama 64. Uraniumu ni metali nzito sana, kwa hiyo kilo 64 haziwezi kujaza bidoni ya lita 5. Punguza sasa kwa 1/72, urefu, upana na kimo: inakuwa ndogo kupita punje ya muchele.

Nilipofanya ile hesabu mara ya kwanza niliweka kisu chini. Mutu anapima mabawa kwa milimita, anagombana na pua, anahesabu madirisha, na kile chenye kilifanya ile ndege kuwa ile ndege hakionekani hata ukikichonga. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo za asubuhi, ile punje iliteketeza muji. Inakadiriwa kwamba mupaka mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa, wengi kwa moto siku ileile, wengine polepole kwa ugonjwa wenye madaktari hawakuujua.

Na sehemu kubwa ya uraniumu ya Wamarekani ya ile vita ilitoka kwetu. Shinkolobwe, karibu na Likasi, wakati ule Jadotville. Jiwe lilivumbuliwa pale mwaka 1915, na Union Minière ilianza kulichimba mwaka 1921. Uraniumu haikuwa na soko. Walitafuta radiumu, yenye hospitali za Ulaya zilinunua kwa bei ya kichaa, na jiwe lilitumwa Olen, Ubelgiji, kusafishwa. Jiwe la Shinkolobwe halikuwa na mwenzake duniani. Vipande vingine vilikuwa na oksidi ya uraniumu mupaka asilimia 65, wakati mawe ya Kanada na ya Colorado mara nyingi hayakufika asilimia moja. Tafadhali soma tena ile tofauti, halafu ujiulize ile kazi ingechukua muda gani bila Katanga.

Mwaka 1940 mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma tani kama 1,200 za jiwe New York, zikawekwa mu depo kwenye kisiwa cha Staten Island. Zikalala pale. Mwezi wa Septemba 1942 koloneli wa Marekani akaingia mu ofisi yake, na mu muda mufupi wakaelewana kwa karatasi moja. Kisha ikaombwa ingine. Mugodi ulikuwa umefungwa na kujaa maji; wahandisi wa jeshi la Marekani wakausaidia kufunguliwa. Jiwe likaanza kusafiri: treni mupaka Port-Francqui, leo Ilebo, kisha chombo cha mutoni mupaka Léopoldville, treni tena mupaka Matadi, kisha meli. Watu wetu walichimba, walijaza mifuko, walibeba. Hakuna mwenye aliwaambia ni jiwe la nini, na hakuna mwenye aliwaambia kwamba vumbi yake inaingia mu mifupa.

Tuangalie sasa majina. Rubani ni Paul Tibbets. Ndege iko na jina la mama yake, Enola Gay Tibbets, lenye lilipakwa chini ya dirisha la rubani. Nimelipaka mimi pia, kwa burashi ya nywele tatu. Watu wote 12 wenye walikuwa ndani majina yao yanajulikana. Sengier alipewa medali na serikali ya Marekani mwaka 1946. Bomu lenyewe lilikuwa na jina, Little Boy, kijana mudogo. Lakini mutu mwenye alibeba mufuko kule Shinkolobwe mwaka 1943? Jina lake silijui, na nafikiri wewe pia haulijui, hata kama huenda ni babu ya babu yako.

Wengine wataniambia: ndugu, maketi ni maketi, usiingize siasa. Nawaelewa, lakini Wamarekani wenyewe waligombana juu ya ndege hiihii. Mwaka 1995, miaka 50 kisha bomu, jumba la makumbusho la Smithsonian la Washington lilitaka kuonyesha mwili wa Enola Gay pamoja na maelezo juu ya wafu wa Hiroshima na juu ya maswali ya wanahistoria. Askari wa zamani na wabunge wakakataa kabisa. Wao walisema bomu lilimaliza vita na kuokoa maisha ya wengi. Mipango ilifutwa, mukubwa wa jumba akajiuzulu, ndege ikaonyeshwa na maneno machache tu. Tangu 2003 iko yote nzima mu jumba la Udvar-Hazy, Virginia, inang'aa. Basi kile chenye kinaandikwa pembeni ya ndege si mambo ya bure. Watu walipoteza kazi juu yake. Na mu ule ugomvi wote, pande mbili zilipigania Tokyo na Washington. Katanga haikuwa na mutu wa kuisemea.

Niongeze ndege moja, kwa wale wa Kivu na wa Kisangani wenye wataona nasema Katanga tu. Douglas Invader ilikuwa ndege ya mabomu ya vita vya pili vya dunia, motere mbili, iliruka mara ya kwanza Julai 1942. Kisha vita jina lake likabadilishwa kuwa B-26. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, hizi ndege zilifika Kongo, zimetengenezwa upya kule California, na CIA njo ililipa. Marubani walikuwa Wakuba wenye walikimbia serikali ya Fidel Castro. Zilikuwa na alama za Kongo, lakini wenye walizirusha hawakuwa Wakongomani. Rudi sasa kwa lile swali la 1942: hii ndege ni ya nani? Mutu wa mashariki mwenye aliangalia juu mwaka ule angejibu nini? Alama zilisema yetu. Kwa 1/72 ina mabawa ya sentimita 30, iko mezani kwangu sasa, bado haina mukia.

Shinkolobwe nayo, mukisafiri ile njia ya Likasi, haina kitu cha kuonyesha. Mugodi ulifungwa na kuzibwa mwaka 1960. Wachimbaji wa mukono walirudi baadaye kwa ajili ya kobalti, na mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku, na mwaka uleule shimo liliporomoka na kuua watu nane.

B-29 yangu nimeiweka kwenye kibao cha mulombwa, na upande wa mbele nimeandika mistari mitatu: aina ya ndege, tarehe, na ya tatu «Uraniumu: Shinkolobwe, Katanga». Nyuma ya kibao nimeacha nafasi tupu kwa jina la mufanyakazi mumoja wa mugodi wa miaka ile, mutu wa kweli, mwenye jamaa yake inakubali aandikwe. Wale wa Likasi, Kambove na Panda wenye wana mababu waliofanya kazi Union Minière kati ya 1940 na 1945, muulize nyumbani wakati wazee bado wako. Kadi ya kazi, picha, ao jina tu na kijiji. Muniandikie, nina nafasi ya sentimita nne.